Shangazi, mbona nina ya kushukuru tele na bado nanung'unika?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wawili. Mwaka juzi tulitoka kwenye chumba na sebule tulichopanga miaka minane, tukahamia kwetu. Nyumba haijaisha: nje haijapigwa plasta, dari hakuna, sakafu ni saruji tupu. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku nazunguka vyumbani nashika kuta kwa furaha. Leo ninachokiona ni vigae ambavyo hatuna. Asubuhi nikifungua status za WhatsApp nikakuta rafiki yangu kaweka picha ya jipsamu na jiko jipya, siku yangu imeshaharibika hata chai sijanywa.

Mume wangu si mtu mbaya. Maji yakikatika anachota, watoto anawapeleka shule, hela ya nyumbani anaacha. Lakini akifanya jambo, mimi naona lile ambalo hajafanya. Juzi karudi na taa ya jikoni, nikamuuliza ya nje iko wapi. Akatoka kimya. Binti yetu wa miaka tisa akaniambia, "Mama, wewe hakuna kitu kinachokufurahisha." Iliniuma.

Nimejaribu kubadilika. Mwaka jana kwenye semina ya akina mama tulifundishwa kuwa na daftari la shukrani, kila usiku uandike mambo matano. Nikaandika kama mwezi: uzima, afya, familia, chakula, kazi. Kesho yake tena uzima, afya, familia. Ikawa kama kujaza mahudhurio. Nikaacha, na sasa naona hata kushukuru kumenishinda.

Mambo mawili yananichanganya zaidi. La kwanza ni wifi yangu. Mume wangu alipokosa kazi, wifi alimlipia binti yetu ada ya mihula miwili, na tangu hapo kila shughuli ya ukoo lazima ataje mbele za watu. Nikimshukuru najisikia kama nalipa riba. Nisipomshukuru naambiwa shukrani ya punda ni mateke. La pili ni kazini. Mshahara unachelewa, mara wiki mbili mara mwezi, na tukiuliza bosi anasema, "Shukuruni mna kazi, wenzenu wako mtaani." Je, nikidai nitakuwa mtu asiye na shukrani? Na kutamani vigae je, ni kosa?

Naomba unielekeze hatua kwa hatua. "Jifunze kuridhika" nimeshaambiwa vya kutosha.

Mama wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

"Jifunze kuridhika" hutaisikia hapa. Kuridhika na kushukuru ni vitu viwili, na anayevichanganya humfanya mtu ajione mkosaji kila anapotamani kitu. Unaweza kushukuru kwa paa ulilonalo na bado ukataka dari chini yake.

Kilichokutokea kwenye zile kuta kinajulikana vizuri. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza kwamba maisha yakibadilika, furaha hupanda au hushuka kwa muda, kisha mtu huizoea hali mpya na kuanza kupimia hapo. Ulipokuwa mpangaji, kipimo chako kilikuwa mwenye nyumba na kodi ya miezi sita. Ulipohamia kwako, kipimo kikahamia kwenye vigae. Vikija vigae kitahamia kwenye geti. Juu ya hilo, baya hushika akilini kwa nguvu kuliko zuri la ukubwa uleule. Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya jambo hilo mwaka 2001. Macho yako yanatafuta pengo kwa sababu ndivyo macho ya binadamu yalivyo. Kushukuru ni kuyafundisha kazi ya pili: kuona ni jambo gani limefanyika, nani kalifanya na limemgharimu nini, kisha kulisema kwa mdomo. Hiyo ni kazi, ina ufundi wake, na ufundi hufundishika.

Tuanze na daftari lako, maana liliuawa na vitu viwili: wingi na ujumla.

Wingi kwanza. Utafiti uliolifanya daftari la shukrani lijulikane ni wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003. Katika sehemu yake ya kwanza wanafunzi wa chuo waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano. Waliandika kwa wiki, si kwa usiku. Sonja Lyubomirsky naye aliwalinganisha watu walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki sita, na waliopata nafuu ni wale wa mara moja. Sababu haihitaji shahada: ukilazimishwa kutoa mambo matano kila usiku, siku ya nne yamekwisha, unaanza kunakili. Ni kweli lipo zoezi la kila usiku ambalo Martin Seligman na wenzake walilipima mwaka 2005, lakini lilikuwa mambo matatu tu, kwa wiki moja tu, na kila jambo liliandikiwa sababu yake. Semina nyingi hubeba neno "kila usiku" na kuziacha hizo "tu" mbili njiani.

Ujumla ndio muuaji mkubwa zaidi. "Familia" huwezi kuiona. Unachoweza kuona ni mtu fulani, siku fulani, akifanya kitu fulani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari la kawaida la shule, si simu. Simu itakupeleka kwenye status kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Chagua Jumapili jioni, mara baada ya kupiga pasi nguo za shule, kwa sababu kazi hiyo ipo kila wiki na itakukumbusha bila kengele. Tenga dakika kumi na tano. Andika mambo matatu ya wiki hiyo, na kila moja liwe na vipande vinne: kilichotokea na siku yake, aliyekifanya, kilichomgharimu, na ambacho kingekukuta kama asingefanya.

Mstari wa zamani ulisema, "Nashukuru kwa majirani wema." Mpya usomeke hivi: "Jumanne mvua ilipoanza, mama wa nyumba ya pili aliingiza nguo zetu zote, akazikunja, akaziweka kibarazani kwake. Alilowa yeye. Asingefanya hivyo, watoto wangekwenda shule Jumatano na sare mbichi." Mstari huo unaweza kuusoma miezi sita baadaye na ukamwona huyo mama na maji yanavyomchuruzika.

Kuna masharti machache yanayolilinda daftari lisirudi kuwa mahudhurio. Katika mambo matatu, angalau moja limhusu mtu wa nje ya nyumba yako: kondakta aliyemsubiri mwanao avuke, nesi wa kliniki, fundi aliyerudi kurekebisha bila kudai nauli. Jina moja lisijirudie ndani ya wiki nne, isipokuwa mume na watoto. Mstari usiwe na "ila" wala "ingawa". Ukikosa wiki, usiifidie wiki inayofuata kwa mambo sita. Endelea na matatu yako. Na ukiwa umetoka kugombana, daftari lisubiri mpaka Jumatatu, maana utaandika kwa kejeli na utaijua mwenyewe.

Sasa makosa yanayowapata wengi, na sioni kwa nini wewe uyapitie. Kosa la kwanza ni kushukuru kwa kujilinganisha na aliye chini: "Nashukuru mimi silali nje kama wale." Inasikika kama unyenyekevu, lakini ni ngazi ileile ya status za WhatsApp, tofauti ni kwamba umegeuza uso ukatazama chini. Kesho ukikutana na aliye juu, ngazi itakuumiza kama kawaida. La pili ni kuorodhesha vitu: friji, simu, kabati. Vitu huzoeleka upesi kuliko matendo ya watu. Kama ni friji, andika nani aliibeba na ilipatikanaje. La tatu ni kungoja moyo ufurike. Wiki mbili za mwanzo huenda usihisi chochote. Usipime kwa hisia. Pima kwa hili: je, siku ya Alhamisi umejikuta ukisema kimoyomoyo, "Hili la Jumapili"? Siku hiyo ikifika, macho yameanza kazi ya pili.

Nikuambie pia kiasi cha kutarajia, kwa sababu wanaouza shukrani kama dawa ya kila ugonjwa ndio wanaowafanya watu waikatie tamaa. Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja, faida ya mazoezi haya kwa huzuni na wasiwasi ilionekana kuwa ipo lakini ni ndogo. Mavuno mengine yako kwenye uhusiano na watu, na barua yako nzima inahusu watu.

Juu ya nyumba, kuna zoezi jingine ambalo wewe linakufaa kuliko daftari. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake waliwapa watu kazi ya kuliondoa jambo jema kichwani: badala ya kueleza lilivyotokea, waeleze lilivyokaribia kutotokea. Wenye wenzi walioandika jinsi ambavyo wangeweza kutokutana nao kabisa waliridhika na uhusiano wao kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Kinachofanya kazi hapo ni mshangao. Jambo ulilolizoea likionekana kama lingeweza kukosekana, linakuwa jipya kidogo.

Wewe andika safari ya hicho kiwanja. Nani aliwaambia kinauzwa? Kama siku ile mngechelewa? Kama zamu yenu ya upatu ingekuwa Septemba na si Machi? Kama fundi wa msingi angekula hela? Andika hatua nne au tano ambazo kila moja ingeweza kukatika, ukae nazo dakika kumi, basi. Mara moja kwa mwezi inatosha. Likifanywa kila wiki linageuka kuwa wasiwasi, na mtu aliyefiwa karibuni au mwenye hofu nyingi asilifanye kabisa.

Na vigae uvitamani tu. Tatizo la tamaa isiyo na hesabu ni kwamba haina mwisho, inabaki kuwa donge. Ipe hesabu. Sebule ya mita nne kwa nne ni mita za mraba 16. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, inakuwa 17.6. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji boksi 13, gundi yake na mkono wa fundi. Nenda dukani uulize bei ya leo, gawanya kwa miezi mnayoweza, weka fungu lake pembeni. Kuanzia hapo, picha ya sebule ya mwenzako inakukuta una mpango, na mtu mwenye mpango haumii sana.

Kuhusu hizo status: bonyeza na ushikilie jina la anayekuchoma, chagua kunyamazisha, na yeye hatajua. Wawili watatu wanatosha, hakuna haja ya kugombana na dunia. Na simu isifunguliwe kabla ya chai.

Sasa mumeo. Lile la taa lina dawa fupi: shukrani na ombi visikae katika sentensi moja, wala katika saa moja. "Asante kwa taa, ila ya nje je?" Anayesikia hubaki na nusu ya pili tu. Asante ikitoka, ifunge hapo, ondoka, kaendelee na ugali wako. Taa ya nje itaje kesho yake, kama ombi linalojitegemea: "Baba Fulani, mwezi huu tunaweza kupata taa ya nje? Nikitoka usiku kwenda chooni naogopa."

Asante yenyewe ina vipande vitatu, na watu wengi husema kimoja: neno "asante" peke yake. Taja alichofanya, taja ulichoona kimemgharimu, taja kilichobadilika kwako. "Asante kwa taa ya jikoni. Najua ulipitia mjini na ulikuwa umechoka. Leo nimechambua mchele bila kushika tochi ya simu." Sekunde kumi. Sehemu ya katikati ndiyo yenye uzito, kwa sababu inamwambia kwamba juhudi yake imeonekana, na juhudi ndiyo isiyoonekana kirahisi.

Kipimo kiwe mara moja kwa siku, si zaidi, kwa mwezi wa kwanza. Ukitoka kwenye kunung'unika ukarukia asante kumi kwa siku, mwanamume yeyote mwenye akili atakuuliza unataka nini. Tena huenda asante za mwanzo akazipokea kwa kuguna. Usimdai tabasamu. Kama mmeoana miaka mingi akiwa anasikia upungufu tu, atangoja kwanza aone kama "ila" inakuja.

Na lile la juzi lirekebishe kwa maneno machache: "Ulileta taa nikakuuliza ya nje. Sikukutendea haki. Taa imenisaidia." Usieleze sababu, usilie, usimtaje binti.

Ukishaizoea hiyo, kuna zoezi zito zaidi: barua ya shukrani kwa mtu aliyekutendea jambo kubwa na hukuwahi kumshukuru ipasavyo. Katika ule utafiti wa Seligman wa 2005, walioandika barua na kuipeleka wenyewe ndio waliopata furaha kubwa kuliko wote, ila ilififia baada ya mwezi hivi. Kwa hiyo moja kila miezi mitatu inatosha; ukiifanya kila wiki itakuwa hotuba. Iwe ukurasa mmoja. Anza na tendo lenyewe moja kwa moja, usianze na salamu ndefu. Eleza ulikuwa katika hali gani wakati huo, alifanya nini hasa, na leo tendo hilo limekufikisha wapi. Umsomee uso kwa uso kama mnaweza kuonana. Ikishindikana mpigie simu. Ujumbe wa sauti uwe wa mwisho. Usiutume kwenye kundi la familia, kwa sababu hapo inakuwa tamasha na wengine wataanza kuuliza mbona wao hawakutajwa. Usibebe zawadi kubwa siku hiyo, itaonekana unalipa. Na isifuatiwe na ombi lolote kwa mwezi mzima, hata la kuazima sufuria ya shughuli.

Wengi huikwepa barua hii kwa aibu, wakidhani mwenzao ataona ajabu. Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima hilo mwaka 2018: waandishi walikadiria aibu ya mpokeaji kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa, na furaha yake kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Hata ukimwandikia mwalimu wako wa darasa la tatu, hatahariri sarufi yako.

Wifi yako ni habari nyingine, na hapo usijilaumu. Mwaka 2006 Philip Watkins na wenzake walionyesha kwamba kadiri mtoaji anavyoonekana kutarajia malipo, ndivyo shukrani ya mpokeaji inavyopungua na hisia ya deni inavyopanda. Kwa maneno ya nyumbani: masimango huua shukrani, na anayesimanga ndiye hulalamika kwamba hashukuriwi. "Tenda wema nenda zako" iliandaliwa kwa ajili yake, ila wewe si mtu wa kumwambia. Ukiitamka kinywani mwako itasikika kama ufidhuli, hata kama ni kweli.

Fanya kazi hii katika hatua mbili, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza mshukuru mara moja kwa ukamilifu, faraghani, kwa vipande vile vitatu: mihula miwili, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa na mambo yake, na mtoto ambaye hakurudishwa nyumbani hata siku moja. Inawezekana kabisa hajawahi kuisikia hivyo. Pengine amesikia "asante wifi" ya haraka mlangoni, ndiyo maana anaendelea kuitafuta mbele za watu. Kwa baadhi ya watu masimango hukoma hapo.

Asipokoma, ngoja wiki mbili, kisha umwite pembeni, mumeo akijua mapema. Sema kwa sauti ya chini: "Wifi, ada ile ilimbakiza mtoto shuleni na sitaisahau. Lakini ikitajwa shughulini, mbele ya mtoto mwenyewe, yeye anainamisha kichwa. Kama ilikuwa mkopo, niambie kiasi tupange kulipa. Kama ilikuwa msaada, naomba tuiache iwe msaada." Akisema ni mkopo, lipeni taratibu kwa tarehe zinazojulikana, na hasira yako itapungua kuliko unavyodhani, kwa sababu deni lenye mwisho ni jepesi. Akisema ni msaada, umeshukuru. Shughuli ijayo akitaja tena, itikia "ndiyo wifi, alitusaidia" kisha geuza mazungumzo. Hudaiwi asante ya kila harusi.

Kuhusu bosi, jibu langu ni fupi kwa sababu jambo lenyewe halina utata. Mshahara ni malipo ya kazi ambayo umekwisha kuifanya. Haumo katika hesabu ya fadhila, na "shukuruni mna kazi" ni kufuli la mdomoni lililopakwa sukari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe kwa siku iliyokubaliwa. Weka kumbukumbu ya tarehe ulizopaswa kulipwa na ulizolipwa, hifadhi taarifa za benki au za simu, ulizeni kwa maandishi mkiwa wengi badala ya mmoja mmoja. Isipotatuliwa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na usikae nayo moyoni mwaka mzima: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Unaweza kudai Jumatatu na Jumapili ukamwandika daftarini mwenzako wa kazini aliyekukopesha nauli. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili.

Binti yako usimhubirie. Mtoto wa miaka tisa akilazimishwa kusema asante hujifunza kuitoa kama tiketi. Mara mbili kwa wiki wakati wa chakula cha usiku ulizeni mezani, "Leo nani kamsaidia nani?" na wewe ujibu pia, kwa jambo la kweli na la siku hiyo. Akisema "hakuna", muache, endeleeni kula. Anachokitazama kwa kweli ni jinsi unavyozungumza na walio chini yako. Kama mna dada wa kazi, asante yake iwe na vipande vitatu kama ya mumeo, na mshahara wake utoke tarehe yake. Usimfanyie yeye lile ambalo bosi anakufanyia wewe.

Sala zako za kushukuru endelea nazo kama ulivyozoea. Ongeza tu jina la mtu mmoja na tendo lake kila unaposali, halafu umwambie na yeye. Waislamu wana hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na sidhani kama kuna padri au mchungaji atakayeikataa.

Mwisho, soma hili kwa makini. Umesema hakuna kinachokufurahisha, au ndivyo mtoto alivyoona. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu siku nzima na karibu kila siku, huoni ladha ya mambo uliyoyapenda, na usingizi au hamu ya kula imebadilika, mwili ni mzito, unajiona huna thamani, hiyo huenda ikawa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, umweleze daktari ilianza lini, unalala saa ngapi, unakula nini. Ukiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, nenda leo na umwambie mtu wa kukusindikiza. Katika hali hiyo daftari la shukrani linaweza hata kukuumiza, kwa sababu kila mstari utakaoshindwa kuuandika utauhesabu kama kosa lako. Liweke kabatini mpaka daktari akuambie unaendelea vizuri.